AHI ya 6.9 iliyoficha saa mbili mbaya: kusoma data ya CPAP usiku mmoja hadi mwingine

Mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 54, mkazi wa Dar es Salaam. Kipimo cha usingizi alichofanyiwa kabla ya matibabu kilitoa AHI ya 41, maana yake kwa kila saa ya usingizi pumzi yake ilikatika au kupungua mno mara 41. Chini ya 5 ni kawaida, na kuanzia 30 kwenda juu ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini (apnia ya usingizi) huhesabiwa kuwa mkali. Alipewa mashine ya CPAP, yaani ya kusukuma hewa yenye presha ili koo lisizibe, aina ya ResMed AirSense 10 AutoSet inayojipandishia na kujishushia presha yenyewe, ikiwa imepangwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji, pamoja na barakoa ya pua.

Miezi mitatu imepita. Mume wake anasema kukoroma kumekwisha, na programu ya simu inampa alama nzuri kila asubuhi. Yeye mwenyewe anaamka kinywa kimekauka, kichwa kizito, na mchana anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi. Alipouliza, aliambiwa na mtu wa karibu kwamba presha haitoshi, iongezwe.

Kisa hiki ni cha mfano. Mgonjwa ameundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watumiaji wengi wa CPAP, na namba zimepangwa ili hesabu ionekane wazi. Ila makosa ya kusoma data yaliyomo humu ni ya kweli, na lile la kukimbilia kuongeza presha ndilo linaloumiza watu wengi zaidi.

Kupata data yenyewe

Programu ya simu haitoshi. Inatoa saa za matumizi, AHI, na alama ya kama barakoa imekaa vizuri. Haionyeshi ni saa ngapi mambo yaliharibika. Data kamili iko kwenye kadi ya SD iliyo ubavuni mwa mashine, na mashine huandika mawimbi ya pumzi kwa kina pale tu kadi inapokuwa ndani. Kama kadi ilitolewa ikasahaulika mezani mwezi mzima, muhtasari utaupata, lakini mawimbi ya mwezi huo hayapo tena.

Zima mashine, subiri iache kuandika, toa kadi. Kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta, sukuma kile kitufe kidogo cha ubavuni kiende upande wa kufuli, kwa sababu kompyuta hupenda kuandika mafaili yake kwenye kadi na mashine inaweza kuikataa baadaye. Ukimaliza, fungua kufuli kabla ya kuirudisha, la sivyo mashine italalamika kwamba kadi haiandikiki na usiku huo utaupoteza.

Programu ya kusomea ni OSCAR. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inasoma mashine nyingi za ResMed na Philips. Angalia pia saa ya mashine. Mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Ulaya hubaki na saa za huko, na ukisoma kwamba tatizo lilitokea saa 00:20 wakati kwako ilikuwa 03:20, yaani saa tisa na dakika ishirini usiku, utatafuta chanzo mahali pasipo.

Usiku uliochaguliwa

Tulichukua usiku wa kawaida, siyo ule mbaya kuliko yote. Mashine iliwashwa 22:40 na kuzimwa 05:10, jumla saa 6 na nusu. Matukio yalikuwa hivi: apnia za kuziba (OA) 14, haipopnia (H) 19, apnia za njia wazi (CA) 9, na apnia zisizotambulika (UA) 3. Jumla 45. Gawanya kwa 6.5, unapata 6.9.

Apnia ni pumzi kusimama kwa sekunde 10 au zaidi. Haipopnia ni pumzi kupungua sana bila kusimama. Katika OA koo limeziba ingawa kifua kinahangaika kuvuta hewa, na katika CA koo liko wazi lakini ubongo haukutoa amri ya kuvuta. AirSense 10 hutofautisha hizo mbili kwa kutikisa hewa kidogo mara nne kwa sekunde pumzi inaposimama, kisha kusikiliza kama mtikisiko unapita au unagonga mahali palipofungwa. UA ni pale mashine iliposhindwa kuamua, na mara nyingi inashindwa kwa sababu hewa inavuja.

Mtu akiona 6.9 husema: imebaki kidogo tu kufika 5. Hapo ndipo anapopotea. AHI ni wastani wa usiku mzima. Tulipoukata usiku huu vipande viwili, picha ikawa nyingine kabisa. Kutoka 22:40 hadi 03:10, saa nne na nusu, kulikuwa na matukio 14 tu, sawa na 3.1 kwa saa. Kutoka 03:10 hadi 05:10, saa mbili, yalikuwa 31, sawa na 15.5 kwa saa. Huyu mama analala akiwa ametibiwa vizuri hadi saa tisa usiku, kisha kwa saa mbili anarudi kuwa mgonjwa wa kiwango cha kati.

Kigawanyo nacho kina udanganyifu wake. Mashine huhesabu muda iliowaka, haijui kama umelala au unakodolea dari macho. Mawimbi ya pumzi yanaonyesha kwamba dakika 25 za mwanzo alikuwa macho, na dakika nyingine kama 25 baada ya 02:20. Usingizi wenyewe ulikuwa kama saa 5 na dakika 40. Upande wa pili, kati ya zile CA 9, sita zilitokea akiwa macho au anajigeuza: pumzi moja kubwa kama ya kushusha pumzi, kisha kituo cha sekunde 11 hadi 14, kisha mambo yanaendelea. Hizo siyo ugonjwa. Mtu aliye macho hupumua ovyo, na mashine haina waya kichwani wa kuijulisha. Ukiziondoa sita na kugawanya 39 kwa saa 5.67, unapata 6.9 ile ile. Imetoka sawa kwa bahati tu, na inaonyesha jinsi namba moja inavyoweza kubaki palepale wakati kila kilicho ndani yake kimebadilika.

Uvujaji kwanza, matukio baadaye

Grafu ya kwanza kufungua ni ya uvujaji. Hewa ikivuja sana, kipimo cha mashine cha pumzi kinachafuka, matukio mengine hayaandikwi kabisa na mengine yanaandikwa kama UA. Kwa hiyo AHI ndogo ndani ya uvujaji mkubwa haina maana yoyote.

Kwa ResMed, mstari wa hatari ni lita 24 kwa dakika, na namba hiyo ni ya hewa inayopotea tu. Ile inayotoka kwa makusudi kwenye vitundu vya barakoa imeshatolewa. Mashine nyingi za Philips huonyesha jumla ya vyote viwili, kwa hiyo lita 30 kwenye Philips zinaweza kuwa hali ya kawaida kabisa. Usilinganishe grafu za mashine hizi mbili. (Na mwenye mashine ya Philips aliyoinunua mkononi aangalie namba ya utambulisho ya mashine: Juni 2021 kampuni ilitangaza kuzirudisha nyingi kiwandani kwa sababu ya sponji ya kupunguza kelele iliyokuwa inamomonyoka.)

Kwa mwalimu wetu, wastani wa kati wa uvujaji, yaani kiwango ambacho nusu ya usiku ulikuwa chini yake, ulikuwa lita 4, namba safi. Lakini kulikuwa na vipindi viwili juu ya lita 24: 01:35 hadi 02:20, na 03:25 hadi 04:30. Dakika 110 kwa jumla, asilimia 28 ya usiku.

Umbo la uvujaji linasema chanzo chake. Barakoa iliyolegea au silikoni iliyochakaa hutoa miiba: inaruka juu, inashuka, inaruka tena kila mtu anapojigeuza kwenye mto. Kinywa kilichofunguka hutoa kitu kingine. Grafu inapanda ghafla, inakaa juu kwa muda mrefu ikiwa tambarare, kisha inaporomoka pale mtu anapoamka na kumeza mate. Vipindi vyote viwili vya mwalimu vilikuwa tambarare. Na kwenye mawimbi ya pumzi, upande wa kutoa hewa ulikatika: alikuwa akivuta kwa pua, akitoa kwa kinywa, na hewa hiyo haikurudi kwenye bomba kupimwa. Ukichanganya na kinywa kikavu asubuhi, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Hata hivyo vipindi hivyo viwili havifanani, na hapa ndipo kisa kilipofunguka.

Dakika tano kuanzia 03:20

Vuta grafu ya pumzi hadi dirisha lionyeshe dakika tano tu. Kwenye mtazamo wa usiku mzima, pumzi ni ukanda mmoja mnene usiosema kitu. Kwenye dakika tano kila pumzi inaonekana.

Saa 03:20 presha ilikuwa 8.6 na uvujaji lita 3. Vilele vya pumzi, ambavyo kwa mtu anayepumua vizuri huwa mviringo, vilianza kuwa bapa. Huko ni koo kubana. Kisha mstari ukalala kabisa kwa sekunde 22, ukiwa na mtetemo mdogo tu wa mashine. Zikafuata pumzi nne kubwa, kama sekunde 20 za kupumua kawaida, na mstari ukalala tena. Ikawa hivyo mara tano ndani ya dakika tano, kwa mpangilio ule ule. Wakati huo mashine ilikuwa inapandisha presha: 9.4, 10.6, 11.8, 12.4. Koo halikufunguka hata kidogo.

Uvujaji uliruka saa 03:25, presha ikiwa imeshafika 12.4.

Mfuatano huo ndio jibu. Koo liliziba kwanza, presha ikapanda kulifuata, na presha ilipokuwa kubwa ikasukuma midomo ikafunguka. Aliyeshauri presha iongezwe angezidisha uvujaji bila kugusa kilichoanzisha yote.

Kwa nini koo lisifunguke kwa presha ya 12 wakati usiku kucha lilitosheka na 8? Kuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza ni usingizi wa ndoto. Huja kwa mizunguko ya kama dakika 90, hurefuka kuelekea alfajiri, misuli ya koo hulegea zaidi, na apnia huongezeka. Lakini katika usingizi wa ndoto pumzi huwa hazina mpangilio, kubwa kwa ndogo, na presha ikiongezwa kwa kawaida husaidia. La pili ni mkao. Mtu anapolala kidevu kikiwa kimezama kifuani, bomba la hewa linapinda, na presha hainyooshi kitu kilichopindwa na shingo. Dalili zake ni tatu: matukio yanaanza ghafla, yanafuatana kwa karibu na kwa umbo lile lile, na hayaitikii presha. Kisha yanaisha ghafla pia, mtu anapojigeuza.

Hapa dalili zote tatu zipo. Mwalimu alipoulizwa, alikuwa analalia mito miwili minene, mmoja juu ya mwingine, akiamini inamsaidia kupumua. Kuinua kiwiliwili kizima husaidia. Kuinua kichwa peke yake hukunja shingo.

Kipindi cha 01:35 ni kitu tofauti. Presha ilikuwa 8.1, hapakuwa na apnia yoyote kabla yake. Kinywa kilifunguka chenyewe. Mtu anayepumulia barakoa ya pua hufungua kinywa pasipo presha kubwa kwa sababu moja kuliko zote: pua imeziba. Alithibitisha kwamba ana mafua ya mzio na chumba kina vumbi la barabarani.

Mabadiliko, moja baada ya jingine

Kubadilisha mito, barakoa na presha usiku mmoja ni kujinyima jibu. Kila badiliko lilipewa angalau usiku saba, kwa sababu usiku mmoja mzuri au mbaya hauthibitishi chochote.

Mto ulikuja kwanza kwa kuwa hauna gharama. Mito miwili iliondolewa, ukawekwa mmoja mwembamba unaoishia mabegani. Baada ya wiki, lile kundi la saa tisa usiku lilitoweka siku tano kati ya saba. AHI ya wastani ilishuka hadi 3.4. Presha ambayo mashine haikuizidi kwa asilimia 95 ya muda ilitoka 13.4 ikawa 10.1, bila mtu yeyote kugusa mpangilio. Uvujaji mkubwa ulitoka asilimia 28 ukawa 12, yaani kilichobaki ni kile kipindi cha kwanza cha pua. Kama mto usingetosha, hatua iliyofuata ingekuwa kola laini ya shingo, ile ya sponji, ikiwa imelegea vya kutosha kupitisha vidole viwili.

Kisha pua. Aliisafisha kila jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya bomba moja kwa moja yasitumike kwa kazi hii, yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu. Daktari akaongeza dawa ya kupuliza puani, ambayo huchukua siku kadhaa kabla ya nguvu yake kuonekana. Filta ya mashine ilikuwa ya kijivu kwa vumbi, ikabadilishwa. Kwenye kitangi cha unyevu yanatakiwa maji yaliyotoneshwa (distilled water). Yale ya betri yanayouzwa gereji yasikaribie mashine hata kama mwuzaji anasema ni yale yale. Kwa joto la pwani, unyevu mwingi ukikutana na chumba chenye kiyoyozi hugeuka matone ndani ya bomba, unasikia maji yakigugumia na grafu ya pumzi inakuwa na mikwaruzo. Alishusha unyevu ngazi moja na kulifunika bomba kwa kitambaa. Wiki mbili baadaye uvujaji mkubwa ulikuwa asilimia 5.

Barakoa ya kufunika pua na kinywa haikununuliwa. Wengi huikimbilia mara wasikiapo kinywa kinafunguka, na kwa pua iliyoziba kabisa ni sahihi. Lakini ni ghali, ina eneo kubwa la kuvujia, na mikanda yake inaweza kurudisha taya nyuma na kulibana koo. Ijaribiwe baada ya pua kutibiwa. Kuziba midomo kwa plasta tulikukataa moja kwa moja: mtu mwenye pua inayoziba, au anayeweza kutapika usiku, au umeme ukikatika mashine ikazimika, anahitaji kinywa chake.

Presha ilikuwa ya mwisho, na kwa idhini ya daktari. Wastani wa kati wa mashine ulikuwa 8.2, lakini kila usiku ilianzia 4, na kwa dakika nyingi mgonjwa alihisi hewa haimtoshi. Mashine za aina hii hupandisha presha baada ya koo kuonyesha dalili za kubana. Ikianzia chini mno, matukio kadhaa lazima yatokee ndipo ifike inapohitajika. Chini ikawekwa 7, juu 12. Dari ya 20 haikuwa na kazi isipokuwa kuruhusu mashine ifukuzie shingo iliyopinda.

Wiki ya mwisho ilitoa AHI ya 1.9, uvujaji mkubwa asilimia 3, CA 0.8 kwa saa. Usiku mmoja ulikuwa na pengo la dakika 40 kwenye kila grafu. Huo ulikuwa umeme kukatika. Muda huo haumo kwenye hesabu ya AHI, wala haimaanishi alipumua salama.

Kilichobaki

Kichwa kizito cha asubuhi kimeisha na kinywa hakikauki. Usingizi wa mchana umepungua ila haujaisha, na data inaonyesha sababu iliyo wazi: analala chini ya saa sita. Mashine haiwezi kumlalia saa ya saba.

Zile CA chache ziliachwa kama zilivyo. Baadhi ya watu hupata CA wanapoanza CPAP, na kwa wengi hupungua zenyewe ndani ya wiki au miezi ya matumizi. Kinachotakiwa kumrudisha mtu kliniki bila kusubiri ni CA zinazobaki juu ya 5 kwa saa wiki baada ya wiki na kuwa zaidi ya nusu ya matukio yote, au pumzi zinazopanda na kushuka kwa mawimbi marefu yanayojirudia usiku kucha. Hapo moyo upimwe kwa ultrasaundi kabla mtu hajafikiria mashine nyingine. Utafiti wa SERVE-HF, uliotolewa 2015, ulionyesha kwamba mashine za ASV, zinazorekebisha presha pumzi kwa pumzi, ziliongeza vifo vya moyo kwa wagonjwa wenye apnia za njia wazi ambao moyo wao ulikuwa umedhoofika, wenye kiwango cha kusukuma damu cha asilimia 45 au chini.

Oksijeni pia haimo kwenye kadi hii. Mashine inasikia hewa tu. Mwalimu aliazimwa kipimo cha kidole kinachorekodi usiku kucha, akakivaa usiku mbili pamoja na CPAP. Kizingiti cha kuangalia ni asilimia 88: ikikaa hapo au chini kwa jumla ya dakika 5 au zaidi, AHI nzuri haitoshi. Yake haikushuka chini ya 91. Kwa daktari alipeleka karatasi tatu: muhtasari wa siku 30, grafu ya uvujaji na presha ya usiku wa kwanza na wa mwisho, na ile picha ya dakika tano kuanzia 03:20.